Siku tatu London, na mstari unaopita Elwak

Najua nimekuwa kimya. Wawili wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama blogu imekufa. Haijafa, ila mwenyewe alizidiwa na kazi, na uvivu nao ulikuwepo, tusidanganyane.

Leo sina somo la kanzidata wala la seva. Nina habari za London, mji niliotembea siku tatu mwezi Oktoba 2023. Ndiyo, 2023. Nimeahirisha kuandika muda wote huu kwa sababu kila nikianza kueleza niliyoyaona, naishia kwenye jambo nililolifanya mwenyewe na ambalo silipendi. Kwa hiyo nitaweka maoni yangu hapa mwanzoni, ukichoka njiani uwe umeyapata: sisi tunaoandika programu hatuna ruhusa ya kumtoa mtu nchini mwake eti kwa sababu nukta ya simu yake imeangukia karibu na mpaka. Mimi nimewahi kufanya hivyo. Na wa kwanza kutolewa alikuwa shangazi yangu.

Haya, tuanze safari.

Mwajiri wangu alinipeleka Birmingham kwa mafunzo ya wiki moja. Nikaomba tiketi ya kurudi isogezwe mbele siku tatu, nikapanda treni kwenda London kwa ina adeer wangu, yaani mtoto wa baba mdogo, anayekaa Whitechapel. Mambo ya viza nisiyaeleze sana, aliyeomba anajua: taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole. Sisi wa Kaskazini Mashariki tulikuwa na kipande cha ziada kabla hata ya kufika huko. Kitambulisho changu cha Kenya nilikipata baada ya kukaa mbele ya kamati ya ukaguzi, nikaulizwa jina la babu wa babu yangu na kisima alichokuwa akinyweshea ngamia. (Ukaguzi huo Rais William Ruto alitangaza kuuondoa alipokuwa Wajir, Februari 2025. Mimi nilishapita zamani, na kisima nilikitaja sawasawa.)

Siku ya kwanza nilifanya yale ambayo kila mgeni hufanya. Westminster, bunge, daraja, picha, picha, picha. Big Ben ni jina la kengele wala si la mnara. Nilikuwa sijui, na wewe sasa umejua. British Museum haina kiingilio, nikaingia, nikatoka baada ya saa moja miguu ikiuma. Vitu vya watu ni vingi mno mle ndani.

Kilichonifurahisha zaidi siku hiyo ni nauli. Unagusa kadi ya benki kwenye mashine, unapanda. Basi, treni ya chini, treni ya juu, kadi ni ile ile. Mfumo unajumlisha safari zako za siku nzima, ukifika kiwango fulani unaacha kukutoza. Nilisimama pale kituoni nikitazama watu wanavyogusa na kupita, mpaka ina adeer akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nairobi tulijaribu kuondoa pesa taslimu kwenye matatu mwaka 2014. Mnakumbuka yalivyokwisha.

Siku ya pili asubuhi nilikwenda kuangalia nyumba ambayo haimo kwenye orodha za watalii. Ipo karibu na Green Park, jumba kubwa la mawe linaloitwa Lancaster House. Ni mali ya serikali, huingii hovyo, kwa hiyo niliishia nje kwenye baridi. Wakenya wengi tumeisoma shuleni kama mahali uhuru wetu ulipojadiliwa. Nyumbani kwetu inatajwa kwa sauti nyingine. Mwaka 1962 ujumbe wa wilaya ya mpaka wa kaskazini, ile iliyoitwa NFD, uliketi humo, akiwemo Abdirashid Khalif, na kuomba eneo hilo lisiingizwe katika Kenya huru. Waingereza wakatuma tume kuwauliza wananchi. Tume ikakuta Wasomali wengi wa eneo hilo wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba litakuwa jimbo jingine la Kenya, na ndipo Kaskazini Mashariki ilipozaliwa. Yaliyofuata ni vita mpaka 1967. Vitabu vinaviita vita vya shifta, neno ambalo abti wangu hataki lisemwe nyumbani kwake.

Sifufui kesi hiyo. Mimi ni Mkenya, sina mpango mwingine, na ninalipa kodi (ile ya KRA, si kodi ninayoandika kwenye kompyuta). Lakini pale nje ya jumba lile niliona ajabu kwamba mambo ya Elwak, kwenye vumbi na mbuzi na visima, yaliamuliwa katika mtaa wenye majani yaliyokatwa vizuri hivi. Na halikuwa jambo la mwaka 1962 pekee.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hapa pana utamu.

Elwak haikuwa mji wa mpakani tangu asili. Jina lenyewe, Ceel Waaq, ni visima vya Waaq, na Waaq ni jina la Mungu lililotumika kabla ya Uislamu, ambalo Waborana wanalo mpaka leo. Mwanzoni mwa karne iliyopita eneo la Waingereza lilikwenda mashariki mpaka mto Juba, na Kismayu ilikuwa chini yao. Kisha ikaja vita kuu ya kwanza. Tarehe 26 Aprili 1915, katika mkataba wa siri uliotiwa saini London, Italia iliahidiwa kwamba ikijiunga na vita, na Uingereza na Ufaransa zikipata makoloni ya Ujerumani huko Afrika, basi nayo itafidiwa. Fidia ikawa Jubaland. Mkataba wa kuikabidhi ukasainiwa tarehe 15 Julai 1924. Wapi? London. Mwaka 1925 eneo likakabidhiwa, wapimaji wa pande zote mbili wakaja kuweka alama, na kuanzia hapo visima vya Elwak vikawa na upande huu na upande ule. Ngamia hawakupewa taarifa.

Sasa chukua ramani yoyote uangalie mpaka wetu na Somalia. Kutoka Mandera unashuka kwa mshazari mpaka Elwak. Ukifika Elwak unanyooka kama umechorwa kwa rula, kusini moja kwa moja kama kilomita 400, kisha unapinda kwenda baharini. Kile kipande kilichonyooka ni mstari wa longitudo, karibu sana na digrii 41 mashariki.

Mashariki ya wapi? Mashariki ya Greenwich. Na Greenwich ni kitongoji cha London.

Ndiyo maana siku ya tatu, badala ya kwenda kununua koti nililoagizwa, nilikwenda Greenwich.

Kutoka Whitechapel si mbali. Tulitembea mpaka Shadwell tukapanda DLR, treni ndogo zinazokwenda bila dereva tangu 1987. Kompyuta inaendesha, mhudumu mmoja anashughulika na milango na abiria. Nilikaa kiti cha mbele kabisa kama mtoto, hakuna chumba cha dereva, unaona reli inakuja. Ina adeer alikaa mbali kidogo ili watu wasijue tuko pamoja :)

Tulishuka Island Gardens kabla ya mto, tukapita chini ya Thames kwa miguu. Kuna njia ya chini iliyofunguliwa mwaka 1902, bomba refu lenye vigae vyeupe, maji yote ya mto yako juu ya kichwa chako. Ukitokea upande wa pili unapanda kilima katikati ya bustani, na juu ndiyo ile nyumba ya wanajimu, Royal Observatory, iliyoanzishwa na mfalme Charles wa Pili mwaka 1675. Tiketi si rahisi. Nililipa.

Getini pana saa kubwa ya ukutani yenye tarakimu 24, na inaonyesha saa za Greenwich mwaka mzima. Oktoba mwanzoni Waingereza wako bado kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo saa maarufu kuliko zote duniani ilikuwa nyuma ya simu yangu kwa saa nzima. Watalii walikuwa wakirekebisha saa zao kwa kuifuata. Wewe uliyewahi kuhangaika na majira ya saa ndani ya seva unajua kwa nini nilicheka peke yangu. Juu ya paa pana tufe jekundu ambalo tangu 1833 huangushwa kila siku saa saba mchana, mabaharia mtoni walikuwa wakilitazama ili wasahihishe saa zao. Tulilingoja. Lilianguka. Ina adeer, ambaye ameishi London miaka kumi na tatu, akauliza: "Ndiyo hiyo tu?"

Uani ndiko kuliko na mstari. Ukanda wa chuma umelazwa juu ya mawe, watu wamepanga foleni ili wapige picha mguu mmoja mashariki na mmoja magharibi. Mstari huo unafuata darubini ya mnajimu George Airy iliyoanza kazi mwaka 1851. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakaamua kwamba longitudo sifuri ya dunia nzima ipite kwenye darubini hiyo. Kura 22 zilikubali, San Domingo ilikataa, Ufaransa na Brazili hazikupiga. Kutoka Afrika ilikuwepo Liberia peke yake. Mwezi uliofuata wakubwa wengine wakakutana Berlin, na mkutano huo hauhitaji maelezo.

Kwenye foleni nyuma yetu alikuwepo Mghana wa makamo na binti zake. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Kenya. Kenya wapi? Nikasema, huku nikijua hapajui, Elwak. Akafungua macho. "El-Wak? Kama uwanja wa Accra?" Kumbe Accra kuna uwanja wa michezo unaoitwa El-Wak. Desemba 1940 askari wa Gold Coast pamoja na wa Afrika Kusini walipigana na Waitaliano hapo kwetu, na Waghana wakauita uwanja kwa jina la vita hivyo. Yeye miaka yote alidhani ni jina la mkuu fulani wa jeshi. Alinipiga picha na binti zake kama mtu maarufu. Kumbe kuna mji mkuu wa Afrika ambako jina la Elwak linatajwa kila wiki kwenye taarifa za michezo, na Nairobi kuna watu wanaoniuliza kama ni ndani ya Kenya.

Zamu yangu ilipofika nilisimama juu ya mstari, nikatoa simu, nikafungua programu ya GPS nione sifuri. Sifuri haikuja. Ilisoma kama 0.0015 magharibi. Nikangoja setilaiti zitulie. Bado.

Hii si hitilafu ya simu. Ukitaka kuona sifuri ya GPS inabidi utoke uani, uingie bustanini, utembee kama mita 102 kwenda mashariki. Pale hapana mstari wala foleni, watu wanapita na mbwa wao. Sababu yake inapendeza. Airy aliinyoosha darubini yake kwa kutumia bakuli la zebaki, na zebaki hutulia kufuata mvuto wa mahali pale, ambao hauelekei kwenye kitovu cha dunia kwa unyoofu kamili, maana uzito wa ardhi haukupangwa sawasawa. Setilaiti hazijui habari za bakuli. Zenyewe zinahesabu kutoka kitovu cha dunia nzima. Airy hakukosea, na GPS haikukosea. Ni njia mbili za kusema chini ni wapi, na tofauti yake ni mita 102.

Sasa fikiri. Kama mstari ambao mistari yote ya longitudo inahesabiwa kutoka kwake unaweza kuwa mahali pawili, na wote wawili wako sahihi, mimi nilipata wapi ujasiri wa kuandika nilichoandika?

Basi niseme.

Miaka michache kabla ya safari hiyo nilifanya kazi ya mkataba kwa kampuni moja Nairobi. Walitaka mfumo wa wafanyabiashara wa mifugo: unajisajili kwa simu, unapata bei za masoko, unalipwa kwa simu. Kazi nzuri, na niliipenda kwa sababu ni mambo ya kwetu. Kwenye kikao mmoja wao akasema tuhakikishe hatusajili "watu wa upande ule". Simu zinaweza kudanganya mahali, minara ya simu ya mpakani inashikana, simu ya Elwak wakati mwingine inakamata mtandao wa Somalia na kukutumia ujumbe wa kukukaribisha huko huku umekaa dukani kwako. Tufanyeje? Nikajibu, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba tutaweka ukanda wa usalama. Kilomita 15 kutoka mpakani. Mstari wenyewe ulikuwa hivi, nimeuhifadhi:

if (umbaliMpakaSomalia < 15) { kataa("Samahani, huduma hii ni ya wakazi wa Kenya tu."); }

Usiku ule nililala vizuri kabisa.

Mji wa Mandera uko ndani ya kilomita hizo 15. Elwak iko ndani. Si kwamba nilisahau. Nilijua mji uko wapi, nimezaliwa pale! Ila nilipokuwa naandika sikuona mji, niliona umbali. Na kuna jambo baya zaidi ya hilo. Busia iko juu ya mpaka. Malaba iko juu ya mpaka. Namanga, Taveta, hali kadhalika. Huko sikuweka ukanda wowote. Hakuna aliyeniomba niweke, na mimi sikuuliza kwa nini.

Wiki mbili kabla sijasafiri, eedo wangu alinitumia ujumbe wa sauti. Eedo ni dada wa baba, na kwetu yeye naye humwita mtoto wa kaka yake "eedo", jina linakwenda na kurudi. Anauza mbuzi Elwak tangu kabla sijazaliwa. Alisema: "Eedo, ile kitu yako ya simu inaniambia mimi si Mkenya. Nimejaribu mara nne. Nimeipa na namba ya kitambulisho. Hebu iambie."

Hebu iambie. Nikamjibu kwamba pengine simu yake ina shida, azime aiwashe. Wadau, nilimwambia azime aiwashe. Nikapanda ndege.

Kwa hiyo pale Greenwich, nikiwa na simu inayogoma kusoma sifuri juu ya sifuri yenyewe, sikugundua jambo jipya. Nililijua tangu ule ujumbe wa sauti. Ila ni aibu ya pekee kusimama mahali ambapo mstari wa kwenu unaanza kuhesabiwa, ukakumbuka kwamba waliouchora walikuwa watu wa mbali wasioijua Elwak, na wewe unayeijua ukaja ukauongezea unene wa kilomita 15.

Najua mtakayoniandikia kwenye maoni. Mtasema usalama. Sibishi, usalama wa huko kwetu si hadithi. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na al-Shabaab na watu 28 wakauawa. Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa karibu na Elwak, abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa kujitenga. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile akafariki Januari 2016. Watu wa barabara ile wanajua kuliko mimi na wewe gharama ya kupangwa makundi. Lakini nionyesheni jinsi ukanda wangu ulivyomzuia mtu mbaya hata mmoja. Mtu mbaya ana simu tatu na anajua kubadili mahali kwa programu ya bure. Aliyezuiwa ni mama mwenye mbuzi, kitambulisho halali, na simu isiyojua kusema uongo.

Mtasema pia sheria za fedha: lazima ujue unamlipa nani. Kweli kabisa, lazima ujue ni nani. Mahali simu ilipo hapakuambii ni nani. Kitambulisho kinakuambia, na namba yake unaweza kuihakiki. Nukta ya GPS inafaa kumwonyesha mtu soko la karibu, au kukushtua ukiona akaunti moja imeonekana Elwak na Kisumu ndani ya dakika kumi. Ukiitumia kama cheti cha uraia umeipa kazi ambayo hata wapimaji wa 1925 hawakuiomba.

Na kama una shaka, shaka hiyo impeleke mtu kwa binadamu, si kwenye ukuta. Programu yangu haikuwa na mahali pa kukata rufaa. Haikusema hata sababu ya kweli. Ingesema "tumeshindwa kuhakiki mahali ulipo", eedo angejua la kufanya, angepiga simu, angegombana na mtu. Mimi niliiandika imwambie si mkazi wa Kenya. Ile kamati iliyoniuliza kisima cha babu angalau ilikuwa na watu, na mmoja wao mwishoni aliniombea dua.

Jambo jingine nimejifunza, ni la kazi tu. Siku hizi mteja akiniambia "zuia wale", naomba anionyeshe sheria au kanuni inayosema hivyo, iandikwe kwenye nyaraka za mradi pamoja na jina lake. Mara nyingi ombi linayeyuka hapo hapo. Halafu kabla sijakabidhi mfumo natafuta mtu Mandera, mtu Moyale, mtu Busia, wajisajili kwa simu zao za kawaida. Inagharimu vocha chache. Ile kazi ya mifugo tuliijaribu Westlands, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na ilipita majaribio yote.

Niliporudi Nairobi niliwapigia wale wateja. Mkataba ulishakwisha, sikuwa na funguo za seva. Nikaeleza hitilafu, nikasema ni yangu, nitairekebisha bure. Walichukua wiki saba kukubali. Si kwamba walikataa, kila mtu alikuwa anangoja mtu mwingine aseme ndiyo. Marekebisho yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko chai: nilifuta ule mstari mmoja, nikaweka uhakiki wa kitambulisho ambao kumbe ulikuwa umeshatengenezwa kwa ajili ya hatua nyingine.

Nikampigia eedo nimpe habari njema. Akasema ah, hiyo mbona alishajisajili zamani. Vipi? Alisikia sokoni kwamba ukienda Wajir inakubali. Akapanda gari mpaka Wajir, akalala kwa jamaa, asubuhi akajisajili mara moja tu ikakubali, akarudi Elwak. Wenzake wa sokoni walifanya hivyo hivyo, wengine walikodi gari pamoja. Walidhani ndiyo utaratibu. Kwao si ajabu serikali au kampuni kutaka uende mbali ili uthibitishe wewe ni wa hapa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika kwa mtu yeyote isipokuwa eedo, na yeye kwa sababu tu aliyetengeneza ni mtoto wa kaka yake.

Nikamuuliza nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa kiasi gani. Akataja. Nikamtumia kwa simu, na ya wale wenzake watatu aliowajua majina. Wengine hakuwajua.

Koti sikumletea. Picha za London nitazipandisha wiki ijayo nikipata mtandao mzuri, pamoja na ile ya simu inayosoma 0.0015.